Nani Anayezaa? Sauti ya Mwanamke katika Lugha ya Tiba ya Uzazi, kutoka Riwaya ya Kitereza hadi Hospitali za Mara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo Kiswahili hutumia kuuzungumzia mwili wa mwanamke, uzazi wake na watabibu wanaomhudumia. Data zimechotwa katika maeneo matatu: riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali (1980), istilahi na vyeo vinavyotumika katika vituo vya tiba vya Musoma, Bunda na Butiama, na majina ya kampeni za afya nchini Tanzania tangu mwaka 1973. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya lugha rasmi ya tiba humweka mwanamke katika nafasi ya mtendwa, ilhali Kiswahili chenyewe kina vitenzi na mbinu za usimulizi zinazomtambua kuwa mtenda na msimulizi wa hali yake. Riwaya ya Kitereza inasomwa hapa kama hifadhi ya mbinu hizo, bila kuyafumbia macho mapungufu yake. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza marekebisho machache ya istilahi na ya mazoea ya mahojiano kati ya daktari na mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Kutoka Kisorya, katika Wilaya ya Bunda, kivuko huwavusha watu na mizigo hadi Rugezi, Ukerewe. Upande mmoja wa maji ni Mkoa wa Mara, wenye Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wajaluo na wengine wengi. Upande wa pili ni kisiwa alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Kwa mwanaisimu, umbali huo ni mfupi lakini si mdogo. Kikerewe huwekwa katika kundi moja na Kihaya na Kizinza, ilhali Kijita na Kikwaya ni jozi ya karibu sana. Kizanaki na Kikurya vina kundi lao, na Kijaluo si lugha ya Kibantu kabisa. Kinachowaunganisha wasemaji hawa wanapokutana sokoni, shuleni au kwenye benchi la kliniki ni Kiswahili.

Benchi hilo la kliniki ndilo linaloibua suala la makala haya. Mwanamke wa Butiama anayekwenda kumweleza daktari maumivu ya tumbo la uzazi mara nyingi huyahisi na kuyafikiri katika Kizanaki, huyasema katika Kiswahili, na daktari huyaandika katika faili kwa Kiingereza, lugha aliyosomea udaktari. Kati ya maumivu na maandishi kuna tafsiri mbili. Kila tafsiri huacha kitu nyuma, na kilichoachwa nyuma ndicho pengine alichokifuata mgonjwa hospitalini.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeandika mengi kuhusu usawiri wa mwanamke, hususani mama, malaya, mke mtiifu na mwanaharakati. Mwanamke akiwa mgonjwa, yaani mtu anayepaswa kuueleza mwili wake kwa mtu mwenye mamlaka ya kuutibu, hajapata nafasi ya kutosha. Nao wanaistilahi wamejishughulisha zaidi na upatikanaji wa visawe vya dhana za kitabibu kuliko na maswali ya nani husema na nani husemwa ndani ya visawe hivyo. Makala haya yanajaribu kuyaunganisha maeneo hayo mawili.

2.0 Vitenzi vya Uzazi na Nafasi ya Mtenda

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kawaida kwa tukio la mtoto kuja duniani. Cha kwanza ni kuzaa. Kitenzi hiki humfanya mwanamke kuwa kiima na mtenda, ingawa mwanamume naye huweza kusemwa kuwa amezaa. Cha pili ni kujifungua, ambacho kina kiambishi cha kujirejea -ji-. Kimofolojia, mwanamke ndiye anayefungua na ndiye anayefunguliwa. Hakuna mtu wa tatu katika tungo hiyo. Cha tatu ni kuzalishwa. Hapa mzizi umeongezewa unyambulishaji wa kutendesha, kisha wa kutendwa, na matokeo yake ni kwamba mtenda anahamishwa. Aliyezalisha ni mkunga au daktari. Mwanamke amekuwa mahali tendo linapofanyikia.

Katika mazungumzo ya hospitali kitenzi hiki cha tatu kimezoeleka. Muuguzi husema kwamba usiku amezalisha wanawake kadhaa, na hakuna anayeshangaa. Ni kauli ya kazi, na yenye uhalali wake, kwa kuwa muuguzi huyo amefanya kazi ngumu. Lakini kitenzi hichohicho kina maisha mengine nje ya wodi. Mtaani, binti aliyezalishwa ni yule aliyepewa mimba na mwanamume asiyemwoa, akaachwa nyumbani kwa wazazi wake. Aibu ya matumizi ya mtaani na heshima ya matumizi ya wodini hukaa katika neno moja, na katika matumizi yote mawili mwanamke hakufanya lolote: amefanyiwa.

Mzizi wa -funga nao unastahili kuangaliwa. Mwanamke hujifungua mtoto, na akiamua kutozaa tena hufunga kizazi. Kimantiki jozi hii ni nzuri, kwa sababu kilichofunguliwa hufungwa. Tatizo limo katika nomino. Kizazi ni kiungo cha mwili, lakini pia ni watu wa rika au wa ukoo mmoja, wale walio hai na wale watakaokuja. Mgonjwa anapoambiwa kwamba inabidi atolewe kizazi ili damu ikome na maisha yake yaokolewe, daktari amezungumzia kiungo, lakini mgonjwa na ndugu waliomsindikiza wanaweza kusikia kwamba ukoo unakatwa. Kusita kwao kutia saini fomu ya ridhaa kusichukuliwe haraka kuwa ni ujinga. Wamelisikia neno kwa maana yake yote. Kiswahili kina njia nyingine za kukitaja kiungo hicho, kama vile nyumba ya mtoto na mji wa mimba, ambazo hazibebi mzigo huo wa ukoo. Daktari anayezijua ana zana ya ziada mkononi.

Istilahi ya kifafa cha mimba huonyesha athari ya aina nyingine. Ugonjwa unaotajwa ni matokeo ya shinikizo la juu la damu wakati wa ujauzito, unaomfanya mjamzito apatwe na mtukutiko. Istilahi imechagua kuitaja dalili ya mwisho, tena kwa kuikopa kutoka ugonjwa mwingine. Kifafa, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, huhusishwa na pepo, laana au urithi wa aibu. Kwa hiyo jina linampeleka msikilizaji mbali na kipimo cha shinikizo la damu na kumkaribisha kwenye mambo ya kuficha. Zaidi ya hayo, jina hili halisemi lolote kuhusu dalili za mwanzo, yaani kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na uso kuvimba, ambazo ndizo mwanamke mwenyewe anaweza kuzihisi na kuzisema mapema. Mtukutiko ukishaanza hawezi tena kusema. Istilahi imeupa ugonjwa jina katika hatua ambayo mgonjwa amekwisha kunyamaza.

3.0 Kitereza na Simulizi ya Utasa

Riwaya ya Kitereza iliandikwa kwa Kikerewe na kukamilika mwaka 1945. Mwandishi alipokosa njia ya kuichapisha katika lugha hiyo, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981. Baadaye kazi hiyo ilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika ilitolewa na Mkuki na Nyota. Kwa kawaida huhakikiwa kama riwaya ya utamaduni, na lawama inayorudiwa ni kwamba imejaa maelezo ya mila kiasi cha kulemaza msuko.

Hata hivyo, kiini cha msuko wake ni tatizo la kitabibu. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke. Wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Mume anakwenda kuwaangukia wakwe, anatozwa fidia ya pombe ya ndizi, na anampata tena mkewe. Kisha anatafutwa mganga, Kibuguma, na matibabu yanaanza. Anazaliwa Ntulanalwo, na baadaye Bulihwali. Kurasa nyingi zinazofuata, pamoja na urefu wote uliolaumiwa, ni maisha yanayowezekana kwa sababu matibabu hayo yalifaulu.

Mambo matatu katika usawiri huu yana uzito kwa hoja ya makala haya. La kwanza ni kwamba utasa haukuachwa kuwa mali ya mwanamke peke yake. Kiswahili kina neno tasa, ambalo humwelemea mwanamke na mnyama jike, na neno mgumba, ambalo huweza kumtaja yeyote asiye na mtoto. Ndugu wa Myombekere wanazungumza kana kwamba lipo neno la kwanza tu. Msuko wa riwaya unawapinga: anayetembea, anayenyenyekea, anayelipa na anayetafuta tiba ni mume pia. Tiba ya leo inamuunga mkono Kitereza kwa njia yake, kwa kuwa chanzo cha kukosa mtoto huweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na tatizo hilo katika maisha yake. Na bado, katika mazoea ya sehemu nyingi, mwanamke huenda kliniki peke yake kueleza kwa nini nyumba haina mtoto.

Jambo la pili ni majina. Ntulanalwo ni jina linalosema kwamba mzazi huishi na kifo siku zote. Bulihwali ni swali, huzuni itakwisha lini? Majina haya ni kumbukumbu ya uzazi. Kadi ya kliniki anayoibeba mjamzito nchini Tanzania ina visanduku vya kujaza: mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, watoto walio hai, mimba zilizoharibika. Taarifa iliyomo katika jina Bulihwali na iliyomo katika kisanduku cha mwisho zinafanana. Tofauti ni kwamba kisanduku kinataka tarakimu, na jina linauliza. Desturi ya kuhifadhi tukio ndani ya jina si ya Ukerewe pekee. Jina Nyerere, linalojulikana dunia nzima kutokana na mtoto wa Butiama, kwa Kizanaki humtaja kiwavi, kumbukumbu ya mwaka ambao viwavi walivamia mashamba. Daktari wa Musoma au Bunda anayemsikiliza mama akitaja majina ya watoto wake anaweza, kama anajua kusikiliza, kupata historia ambayo visanduku havikuiuliza.

Jambo la tatu ni tendo la kujitafsiri. Kitereza alichukua maisha yaliyoishiwa katika Kikerewe akayaandika katika Kiswahili cha mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Ndiyo maana anafafanua sana, anarudia, anataja kifaa kisha anaeleza matumizi yake. Wahakiki wameuita urefu huo udhaifu wa kisanaa. Lakini ndiyo namna anavyosema kila mtu anayehofu kwamba msikilizaji wake hana picha aliyonayo yeye, na ndivyo anavyosema mwanamke aliye mbele ya daktari: anaanza mbali, anataja msiba wa mwaka juzi, anataja shamba, anamtaja wifi, ndipo afike kwenye damu. Daktari mwenye foleni mlangoni huona mapambo. Msomaji aliyezoezwa na Kitereza angejua kwamba habari yenyewe ndiyo imeanza.

Haifai kusahau kwamba Kitereza aliandika kutokana na maumivu aliyoyajua. Yeye na mkewe, Anna Katura, waliwapoteza watoto wao wote wanne wakiwa wadogo, naye hakuoa mke mwingine. Subira ya Myombekere, ambayo baadhi ya wasomaji huiona kuwa ya kubuni mno, ina mizizi katika nyumba ya mwandishi.

4.0 Mganga, Mkunga, Daktari: Siasa ya Vyeo

Kibuguma wa riwayani anaitwa mganga. Afisa wa serikali anayesimamia tiba ya wilaya nzima ya Butiama, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012, naye ana cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya. Kiongozi wa kituo cha afya ni Mganga Mfawidhi. Kitenzi kuganga, kilichomo katika methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hakikutofautisha dawa ya mizizi na dawa ya chupa. Urasimu wa Tanzania, pengine bila kukusudia, umehifadhi umoja huo katika vyeo. Lugha ya kila siku imekwenda njia nyingine: mganga peke yake, katika masikio ya wengi leo, ni wa kienyeji, na mtu wa hospitali ni daktari.

Chini ya neno daktari kuna ngazi ambazo mgonjwa huzijua kwa nadra: afisa tabibu, daktari msaidizi, daktari, daktari bingwa. Ngazi hizi zina historia ya maana kwa uzazi. Kwa miongo mingi, katika hospitali za wilaya nchini Tanzania, upasuaji mwingi wa kumtoa mtoto umefanywa na madaktari wasaidizi, watu ambao cheo chao kinaanza na heshima na kuishia na upungufu. Neno msaidizi halimwambii mjamzito wa Bunda kwamba mikono hiyo ndiyo iliyowaokoa wengi waliomtangulia.

Cheo kinachostahili uhakiki wa karibu zaidi ni kile cha daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Muundo wake unaweza kusomeka kwa namna mbili: magonjwa ya wanawake, pamoja na uzazi, au magonjwa ya wanawake na ya uzazi. Kwa usomaji wa pili, uzazi umeingizwa chini ya magonjwa. Hata kwa usomaji wa kwanza, kinachomtambulisha mwanamke mbele ya bingwa ni ugonjwa wake. Tangu mwaka 2024, kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa katika hospitali za halmashauri zimelifanya jina hili lisikike hata katika vijiji ambavyo havikuwahi kumwona mtaalamu huyo. Ni hatua njema. Kwa kuwa jina sasa linasafiri, ni wakati mzuri wa kuuliza linabeba nini. Daktari bingwa wa afya ya wanawake na uzazi ni jina lenye urefu uleule, na linamruhusu mwanamke kwenda kabla hajaugua.

Mkunga ana hadithi yake. Neno hili husikika jirani na kunga, yaani siri na maarifa ya ndani yanayofundishwa kwa wachache. Mkunga wa kale alikuwa na tiba na pia alikuwa na siri. Sera za afya zilipomwita mkunga wa jadi, kivumishi kilimsogeza pembeni, na kwa sababu za msingi: uzazi uliokwama hauhitaji siri, unahitaji chumba cha upasuaji. Fistula ya uzazi hutokea hasa pale uchungu unapokaa siku nyingi bila msaada, na mwanamke wa Mara aliyepata jeraha hilo mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, au mbali zaidi. Hata hivyo, muuguzi mkunga wa leo amerithi taaluma ya mkunga wa zamani pasipo urithi wa kunga. Wanawake wengi bado wana mambo wasiyoweza kuyasema mbele ya pazia lililo wazi, na lugha ya wodi haijatengeneza mahali pa kuyaweka. Fistula yenyewe ni mfano. Kamusi zina neno nasuri, hospitali zina fistula, na mwenye jeraha hana lolote kati ya hayo: husema kwamba mkojo unavuja. Maneno hayo mawili ya kawaida ni sahihi kitabibu kuliko istilahi zote mbili.

5.0 Nani Husema katika Kampeni?

Kampeni za afya ni fasihi fupi inayosikika kuliko fasihi yoyote. Mwaka 1973 redio na vikundi vya kusoma viliendesha Mtu ni Afya, kampeni iliyowafikia mamilioni ya Watanzania. Tungo hiyo haina nafsi inayoamrisha wala jinsia. Inafafanua mtu kwa afya yake. Ilikuwa lugha ya zama za Azimio la Arusha, iliyompa kila raia hadhi moja, na kwa sababu hiyohiyo haikumwona mjamzito akiwa na mahitaji yake.

Mwaka 2012 ilikuja Wazazi Nipendeni. Hapa mjamzito yupo, lakini hasemi. Anayesema ni mtoto aliye tumboni, anayewaomba wazazi wampende kwa kwenda kliniki. Mbinu hii ya uhuishi ina nguvu ya hisia, na iliwahusisha akina baba, jambo la kusifiwa. Lakini sababu ya mwanamke kupimwa damu imekuwa ni mtoto. Afya yake mwenyewe imekuwa njia.

Mwaka 2018 ilizinduliwa Jiongeze, Tuwavushe Salama. Msemaji sasa ni jamii na serikali, na kitenzi cha pili kina kiambishi -wa-, yambwa, kinachowataja mama na mtoto. Taswira ya kuvusha ina mwangwi wa pekee kwa watu wa ziwa, ambao wanajua kwamba anayevushwa hukaa kimya chomboni na kumwamini nahodha. Wanajua pia kwamba si kila chombo hufika. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaofikiwa kwa kupiga 115, unaendeleza taswira hiyohiyo kwa gari.

Mfululizo huu unaonyesha mabadiliko ya msemaji: kutoka ufafanuzi usio na msemaji, kwenda kwa mtoto, kisha kwa jamii. Nafsi ya kwanza ya mwanamke haijapata zamu. Si jambo gumu kisarufi. Ni uamuzi wa waandishi wa kampeni.

6.0 Neno na Kisu

Hakuna mahali ambapo uteuzi wa neno una gharama kubwa Mara kuliko katika ukeketaji. Kwa muda mrefu Kiswahili kilitumia tohara ya wanawake. Tohara lina asili ya Kiarabu na maana ya usafi. Kulitumia kwa msichana kulimaanisha kwamba kabla ya kukatwa alikuwa mchafu. Kukeketa, kwa upande wake, ni kukata kwa shida, kama kwa kisu butu. Waliolipendelea neno hilo walihamisha mtazamo kutoka kwa anayekata hadi kwa anayekatwa. Katika istilahi zote zilizojadiliwa hapa, hiyo ndiyo iliyoundwa kutokana na maumivu ya mwanamke.

Sheria ilifuata. Mabadiliko ya mwaka 1998 yaliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachowalinda wasichana walio chini ya miaka 18 na kuweka kifungo cha kati ya miaka 5 na 15. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa 2015–16, asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa 2022 ni asilimia 28. Kitaifa, kiwango kilikuwa asilimia 10, kisha 8. Upungufu upo, lakini ni wa polepole.

Sababu mojawapo ni kwamba neno la Kiswahili limebadilika bila ya maneno ya nyumbani kubadilika. Katika Kikurya, sherehe ni esaro, na msichana asiyekatwa ana jina lake, omosagane, ambalo hutumika kama tusi. Mtoto huweza kuusikia ubaya wa ukeketaji darasani kwa Kiswahili na kurudi nyumbani akaitwa tusi kwa lugha ya mama. Ndiyo maana jina Nyumba Salama, linalotumiwa na vituo vya Mugumu na Butiama vinavyowapokea wasichana wanaokimbia msimu wa kukatwa, lina uzito. Halitaji kisu, halitaji mila, halimtaji mkosaji. Linampa msichana mahali. Daktari anayempokea mwanamke aliyekeketwa akiwa na uchungu wa kuzaa anahitaji lugha ya namna hiyo: inayotaja kovu kwa usahihi bila kumrudishia mwenye kovu hatia ya waliomkata.

Butiama ina kumbukumbu nyingine inayohusika. Akiwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940, Julius Nyerere aliandika insha kuhusu hali ya wanawake katika jamii yake ya Wazanaki, akitumia hoja za John Stuart Mill kuhusu kutiishwa kwa wanawake. Swali la nafasi ya mwanamke wa Mara, basi, halikuletwa na wafadhili wa juzi. Liliulizwa na mtoto wa nyumba ya Chifu Burito, mwenye wake wengi, kabla Tanganyika haijapata uhuru.

7.0 Pingamizi na Mipaka

Pingamizi la kwanza ni la takwimu. Kati ya utafiti wa 2015–16 na ule wa 2022, makadirio ya vifo vya uzazi nchini Tanzania yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mafanikio haya yamepatikana kwa lugha hiihii inayohakikiwa, kwa vitenzi hivihivi vya kutendwa. Ni kweli. Kinachookoa maisha ni damu salama, chumba cha upasuaji, gari na mtaalamu. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa, ilikamilishwa kwa saruji na fedha, na uhakiki wa istilahi haukuchangia tofali hata moja. Makala haya hayadai kwamba sarufi inaua. Yanadai kwamba mwanamke aliyebaki hai anastahili pia kueleweka, na kwamba hatari nyingine, kama ile ya shinikizo la damu, hugunduliwa mapema pale mgonjwa anapokuwa na maneno ya kuisema.

Pingamizi la pili linahusu Kitereza. Msimulizi wake ni mwanamume, na ulimwengu wake hauna mwanamke anayeishi kwa furaha bila mtoto. Bugonoka anaheshimiwa, lakini ni baada ya kuzaa. Riwaya inaponya utasa. Haiponyi jamii inayomfanya asiye na mtoto kuwa si mtu. Wakurya walibuni jibu lao, nyumba ntobu, ndoa ambayo mwanamke humwoa mwanamke ili apate warithi. Jibu hilo humpa nyumba mwanamke mmoja, na mara nyingine humnyima hiari mwingine, kijana na maskini. Riwaya ya Kitereza haifiki huko. Euphrase Kezilahabi, Mkerewe mwenzake, alifika karibu zaidi katika Rosa Mistika (1971), riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Huko ukali wa baba unamnyima binti maarifa juu ya wanaume na juu ya mwili wake, na ukimya huo unamwangamiza. Kazi hizo mbili zikisomwa pamoja, moja inaonyesha maongezi yanayotibu, na nyingine kimya kinachoua.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye mapendekezo manne. Kwanza, katika taarifa na mafunzo ya wodi, amesaidiwa kujifungua ipewe nafasi mbele ya amezalishwa. Msaidizi anabaki, na mtenda anarudi mahali pake. Pili, cheo cha bingwa kitaje afya badala ya magonjwa. Tatu, elimu ya kliniki iitaje hatari ya shinikizo la damu la ujauzito kwa dalili zinazohisiwa na mjamzito mwenyewe, na kifafa cha mimba libaki kuwa jina la hatua ya mwisho. Nne, pembeni mwa visanduku vya kadi ya kliniki iwepo mistari michache mitupu, ambamo maneno ya mwanamke yataandikwa kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake au kwa lugha ya nyumbani kwake.

Pendekezo la nne ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linataka muda, na muda ndicho kitu ambacho daktari wa Musoma, Bunda au Butiama hana. Kitereza naye alisubiri miaka 35 ili kurasa zake zisomwe, na waliozisoma walilalamika kwamba ni ndefu. Jina la binti wa riwaya hiyo bado ni swali. Mwanamke anayefika kliniki na historia ya aina ile analeta swali hilohilo, na lugha ya tiba haitakuwa imekamilika mpaka iwe na mahali pa kuliandika.